Usiing'oe nyanya chungu iliyochoka: ikate ichanue tena

Mwishoni mwa mwezi wa tano, mvua zinapokatika Ngara na Biharamulo, wengi wetu tunaitazama bustani ya nyuma ya nyumba na kuona nyanya chungu imechoka. Majani yamechakaa, matunda yaliyobaki yamekuwa mekundu. Tunang'oa, tunatupa pembeni, mbuzi wanamalizia. Mwezi wa nane tunakwenda sokoni Rulenge au Nyakanazi kununua fungu la nyanya chungu hizo hizo, kwa bei ya kiangazi.

Mche ule ulikuwa bado hai. Nyanya chungu, ambayo wengine huiita ngogwe, si kama mahindi yanayozaa mara moja na kufa. Mizizi yake ikiwa mizima, shina likikatwa huchipua, huchanua na kuzaa upya. Ukianza na mbegu unasubiri kitaluni kwanza, kisha uhamishe miche na kungoja ishike. Shina la zamani tayari lina mizizi iliyokwenda chini, na huko ndiko unyevu hubaki jua linapokaza.

Kwa nini huacha kuchanua? Mmea huchanua ili upate mbegu. Matunda yakiachwa yaivie juu ya mti, nguvu huenda kwenye mbegu na maua mapya hupungua. Mwenye waridi mbele ya nyumba analijua hili: ua lililonyauka likiondolewa, mengine hutoka. Kwa hiyo chuma mara kwa mara, hata kama siku hiyo huna mteja.

Wengi wanaojaribu kukata hukosea wakati. Wanangoja mpaka ardhi ikauke. Kata mwanzoni mwa mwezi wa tano, udongo ukiwa bado na unyevu, siku isiyo na mvua. Tumia kisu kikali, acha shina kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini, au zaidi kidogo, likiwa na macho yanayoweza kuchipua. Kata kwa mshazari ili maji yasituame juu ya kidonda. Zungushia samadi iliyooza vizuri, kisha tandaza majani makavu ya migomba bila kugusa shina. Machipukizi yakitoka mengi, bakiza matatu au manne yenye nguvu. Kama maji yapo, maua huanza kuonekana baada ya wiki sita hivi. Maji yaliyosuuza mboga au ndizi yanafaa, yamwage jioni kwenye shina. Na weka uzio wa miiba, kwa sababu mbuzi hupenda chipukizi kuliko sisi.

Sasa kisu. Sisi wa Kagera hatuhitaji kuelezwa sana, maana mnyauko wa migomba umetufundisha kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa hupeleka ugonjwa kwa mzima. Nyanya chungu nayo ina mnyauko wake wa bakteria. Si ule wa migomba, lakini nao husafiri kwa kisu. Mche hunyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, ingawa udongo una maji. Ukiwa na shaka, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, utazame kwa dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, usikate miche mingine kwa kisu hicho. Ng'oa mche huo na mizizi yake, uchome moto, na mahali hapo usipande nyanya, pilipili, biringanya wala viazi mviringo. Hata bustani ikionekana nzima, pitisha kisu kwenye moto au kifute kwa jiki kabla ya kwenda mche unaofuata. Inachosha, lakini kisu kimoja kichafu kinaweza kumaliza tuta zima.

Biharamulo, hasa kwa walio kando ya barabara za vumbi, adui wa kiangazi ni utitiri mwekundu. Geuza jani: utaona utando mwembamba na vidudu vidogo kama vumbi linalotembea. Ondoa majani yaliyoshambuliwa mapema, na unyunyizie maji upande wa chini wa majani yaliyobaki.

Matunda ya awamu ya pili huenda yakawa madogo kidogo. Mama lishe wa Benaco anayepikia madereva wa malori hatajali sana, maana mwezi wa nane hana pengi pa kuchagua. Kukata mara ya tatu hatushauri. Shina linakuwa limezeeka na magonjwa yamezoea mahali hapo.

Mbegu chukua mapema, kutoka mche mmoja mzima ambao hukuukata. Acha matunda yake mawili au matatu yaive kabisa, kamua, osha, kisha anika kivulini juu ya karatasi.