Mtoto wa Vibarua Aandika Kitabu

Huko Marekani wako watu wengi wenye asili ya Meksiko. Wengi wao husema Kihispania. Tomás Rivera alikuwa mmoja wao.

Alizaliwa Texas mwaka 1935. Wazazi wake walikuwa vibarua wa mashambani. Kila msimu wa mavuno walihama kutafuta kazi. Tomás naye alivuna pamoja nao. Alisoma kwa bidii, akawa mwalimu.

Mwaka 1971 kitabu chake kilitolewa. Alikiandika kwa Kihispania, lugha ya wazazi wake. Humo alieleza maisha ya vibarua: jua kali, safari ndefu na taabu nyingi.

Rivera alifariki mwaka 1984. Habari za vibarua wale zinasomwa hata leo.

Je, habari za wazee wako zimeandikwa? Sasa unajua kuandika. Anza wewe.