Je, Wajua? Darubini si Lazima

Je, wajua kwamba mwaka 2014 watu waliokaa majumbani mwao Ulaya walichora ramani ya mji wa Lubumbashi bila kuwahi kuukanyaga? Mradi wa Missing Maps uliwapa picha za setilaiti, wakafuatisha barabara na paa za nyumba. Majina ya mitaa hayaonekani kutoka angani. Hayo yaliandikwa na watu wa huko huko, kwa miguu, karatasi mkononi. Ramani ilihitajika kwa sababu Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitaka kujua wagonjwa wa kipindupindu wanatoka mtaa gani.

Setilaiti ilisaidia pia kulitambua duara la Luizi, kwenye uwanda wa Kundelungu. Mwaka 2011 ilithibitishwa: ni shimo la kimondo, upana wake kilomita 17 hivi.

Je, wajua kuna wanaojitolea kutazama mbali zaidi? Galaxy Zoo ilianza Julai 2007 na picha za galaksi karibu milioni moja. Swali lilikuwa jepesi: hii ni duara tu, au ina mikono iliyojisokota? Kompyuta za wakati huo zilibabaika. Jicho la mtu halikubabaika. Kila picha ilipitiwa na watu wengi, hivyo aliyekosea alisahihishwa na wenzake. Mwaka wa kwanza tu, majibu yalizidi milioni 50.

Mmoja wa waliojitolea, mwalimu wa Uholanzi Hanny van Arkel, aliona doa la ajabu kando ya galaksi moja, akauliza ni nini. Wataalamu hawakuwa na jibu. Baadaye ikajulikana: ni wingu la gesi linalong'aa kwa mwanga wa kiini cha galaksi hiyo jirani, ambacho chenyewe kimekwisha kufifia. Leo doa hilo lina jina la Hanny.

SETI@home iliazima kompyuta za watu kuanzia 1999 hadi 2020 kusaka viumbe wa anga. Hawajabisha hodi.

Je, wajua mchango wa Kolwezi? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, sehemu kubwa katika mkoa wa Lualaba uliko mji huo, nayo huingia kwenye betri za simu na kompyuta zinazofanya kazi hizi.

Nawe ukitaka, mradi wa Globe at Night huomba watu walinganishe nyota wanazoziona na ramani za anga katika usiku usio na mbalamwezi, ili kupima jinsi taa zinavyoliharibu giza. Kiangazi, mawingu yakiwa machache, ndicho kipindi kizuri cha kufanya hivyo hapa kwetu. Umeme ukikatika mtaani, nyota huongezeka. Ila chaji simu mapema.