Mlango wa Sodiamu Moyoni na kwa Mbu wa Muleba

Kila seli ya msuli wa moyo imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta usiopitisha chumvi. Ndani ya utando huo zimo protini zilizo mfano wa milango. Mlango wa sodiamu hufunguka kwa milisekunde chache tu. Chembe za sodiamu zenye chaji huingia, umeme wa seli hubadilika, na pigo la moyo huanza. Wako watu wachache wanaozaliwa na mlango usiofunga barabara. Mapigo yao huweza kuvurugika, na mtu aliyeonekana mzima akafa ghafla.

Mbu naye ana mlango wa jamii hiyohiyo katika neva zake. Dawa za vyandarua, zilizobuniwa kwa kuiga sumu ya pareto, huuzuia usifunge. Mbu hutetemeka, hupooza, hufa. Moyo wa mlalaji hausumbuki, kwani milango yetu haishikwi kwa urahisi na dawa hiyo, na ini huivunja upesi.

Wilayani Muleba, kusini mwa Bukoba, watafiti waliwakuta mbu wenye mlango uliobadilika: asidi amino moja tu, lusini, imekuwa serini, na dawa haiushiki vema. Tena vimeng'enya vyao huivunja dawa hiyo. Jaribio lililofanywa huko, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, lilionyesha kuwa chandarua kilichoongezwa piperonili butoksidi, kemikali inayozuia vimeng'enya hivyo, kiliwakinga watoto na malaria kuliko chandarua cha kawaida. Mlango wenyewe, hata hivyo, ulibaki vilevile.