SMIG imepanda: wenyeji na wahamaji wa Lubumbashi wanasema nini?



Kila tunapoitisha mkutano wa amani, iwe Ruashi, Katuba, Kampemba au Annexe, tunaanza na habari ya kuishi pamoja, na baada ya muda mfupi tumekwisha fika kwenye mshahara. Tangu serikali ilipopandisha SMIG mwezi wa tano 2025, mambo hayo mawili hayaachani. Ndiyo maana leo tunaeleza SMIG ni kitu gani, watu wanaionaje, na inahusika vipi na amani ya kartye zetu.

SMIG ni kitu gani?

SMIG ni kiwango cha chini cha mshahara. Patroni haruhusiwi kulipa chini yake, hata kama mfanyakazi mwenyewe amekubali. Hupangwa kwa siku moja ya kazi, kwa mtu wa ngazi ya chini kabisa asiye na ufundi. Wenye ufundi huhesabiwa kwenda juu kuanzia hapo.

Amri ya mwezi wa tano 2018 iliweka franka 7,075 kwa siku. Wakati ule dola moja ilikuwa karibu franka 1,630, kwa hiyo mtu alipata dola nne na kitu. Mwanzoni mwa 2025 dola ilikuwa imepita franka 2,800, na zile 7,075 zikabaki kama dola mbili na nusu tu. Hakuna aliyepunguza mshahara kwa kalamu. Franka ndiyo iliyopungua nguvu, na mwenye nyumba aliendelea kudai kodi yake kwa dola.

Amri ya Waziri Mkuu Judith Suminwa ya tarehe 30 mwezi wa tano 2025 ilipandisha kiwango hadi franka 14,500 kwa siku, na ikapanga kifike 21,500 kuanzia mwezi wa kwanza 2026. Ukihesabu siku 26 za kazi, ni franka 377,000 kwa mwezi katika hatua ya kwanza, na 559,000 katika hatua ya pili.

Jambo moja halijulikani vya kutosha. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, ile tunayoiita Code du Travail, inasema kwamba matibabu, nyumba, feza ya transpori na posho ya watoto si sehemu ya mshahara. Patroni anayekwambia “nimekupa SMIG, transpori imo ndani” hajakupa SMIG.

Watu wanasema nini?

Sentineli, wapakuaji wa malori na wafanyakazi wa nyumbani wanasema serikali imechelewa. Wanauliza ni baba gani atakayelisha nyumba yake kwa kiwango hicho. Swali lao lina msingi. Ripoti ya mashirika RAID na CAJJ ya mwezi wa kumi na moja 2021 ilihesabu kwamba familia ya Kolwezi ilihitaji dola 402 kwa mwezi ili iishi kwa heshima. Hata franka 559,000 hazifiki hapo.

Wenye karakana ndogo, mikate na maduka wanaona vingine. Wanasema kampuni kubwa za migodi zinaweza kulipa, lakini wao, wenye wafanyakazi watatu au wanne, watafukuza mmoja ili kuwalipa wengine. Hatuwadharau. Mtu anayelipa umeme, makala na taksi nyingi kabla hajauza mkate hasemi uongo anapolalamika.

Akina mama wa soko wanaogopa kwamba mshahara ukipanda, unga nao utapanda. Hapo tunaona hofu yao inatafuta mkosaji mahali pasipo pake. Sehemu kubwa ya mahindi ya bukari yetu hutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Mpaka ukifungwa au dola ikipanda, mfuko wa unga hupanda hata kama hakuna mshahara hata mmoja ulioongezwa.

Halafu kuna wale wanaocheka tu: SMIG ni ya karatasi. Na kweli, haimgusi mama anayeuza mboga, wala mchimbaji anayechimba kwa mikono yake, kwa sababu hawana patroni. Haihusu pia wafanyakazi wa kudumu wa serikali, wanajeshi na polisi. Hao wana sheria zao.

Mahali panapouma

Lakini sauti iliyotushtua zaidi ni ya vijana wenyeji wanaosema: “Hawa deplase wanaharibu bei ya kazi.” Tuseme mwenyeji amezoea kudai 14,500 kubeba matofali kutwa. Anakuja mtu aliyekimbia Mitwaba au Kalemie, watoto wamelala na njaa, anakubali 8,000. Kesho yake mwenyeji hana kazi. Hasira yake inamwendea nani? Inamwendea yule wa 8,000. Aliyeweka 6,500 mfukoni hatajwi.

Wahamaji nao walitujibu waziwazi. Baadhi yao wanaogopa SMIG. Wanasema: patroni akilazimika kulipa wote sawa, atamchukua anayemfahamu, na sisi tusio na ndugu hapa tutabaki tumekaa, bora 8,000 kuliko sifuri. Hofu hiyo ni ya kweli na hatuna dawa yake kamili. Lakini tunaona pia kwamba 8,000 haileti usalama. Akija mwenye njaa zaidi, itakuwa 6,000, na jirani atakuwa amekwisha kuwa adui.

Katanga inajua maneno “wanakula kazi zetu” yanaweza kufika wapi. Mwaka 1992 na 1993, makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya treni wakingoja kuondoka. Wazee wanakumbuka pia habari za mwezi wa kumi na mbili 1941, mji ukiitwa bado Élisabethville. Bei zilikuwa zimepanda kwa ajili ya vita, wafanyakazi wa Union Minière wakagoma kudai nyongeza, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa.

Sheria inampa nini mfanyakazi wa kutwa?

Sheria haiulizi umetoka mtaa gani. Katiba ya 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu haki ya kutembea na kukaa popote nchini, na kifungu cha 36 kinazungumzia malipo ya haki yanayomwezesha mfanyakazi na familia yake kuishi kwa heshima ya mwanadamu.

Code du Travail inaongeza mambo mawili ya kushika. La kwanza: ukiajiriwa siku kwa siku, na umefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, patroni akikuchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, kazi hiyo inahesabiwa kuwa kontrati isiyo na mwisho. La pili: kukosa karatasi hakufuti kazi yako. Unaweza kuthibitisha kwa njia nyingine, mashahidi wakiwemo.

Ugomvi wa mshahara hauendi moja kwa moja mahakamani. Tribunal du Travail haipokei shauri la mfanyakazi kama halijapitia kwanza kwa inspekta wa kazi, anayejaribu kupatanisha pande mbili. Inspekta atauliza tarehe na majina. Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa kartye wawasaidie watu kushika daftari: siku gani, mahali gani, patroni nani, kazi gani, feza ngapi, na nani alikuwa pamoja nawe. Kwa wasiojua kuandika, mtoto wa shule anaweza kuandika jioni. Na mahali pa majina ya mashahidi, waandikwe waliobeba matofali siku ile, mwenyeji na mhamaji, wote wawili.