Kuchagua SSD: Angalia waranti kabla ya kasi

WAFANYABIASHARA wadogo na wakulima wengi wanaotunza hesabu kwenye kompyuta hulalamika kuwa mashine zao zimechoka. Kompyuta inawashwa, mteja anasubiri, na orodha ya madeni inafunguka baada ya dakika kadhaa. Baadhi huamua kununua kompyuta nyingine, wakati mara nyingi kinachochelewesha kazi ni diski peke yake.

Diski za zamani zina sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachosoma kumbukumbu juu yake. SSD haina kitu kinachozunguka. Huhifadhi kumbukumbu kwenye chipu na kuzifikia papo hapo. Kwa sababu hiyo, hata kompyuta ya miaka minane hupata nguvu mpya ikifungwa SSD, mradi RAM yake isiwe chini ya GB 4.

Kasi isikudanganye

Sokoni kuna aina mbili kuu. SSD za SATA husoma takriban MB 550 kwa sekunde, na za NVMe zinaweza kufika MB 3,500 au zaidi. Tofauti hiyo humfaa anayehariri video. Kwa mwenye duka la pembejeo anayeandika ankara na kupanga hesabu za mauzo, ni vigumu kuiona.

Zaidi ya hayo, kompyuta nyingi za zamani hazina mahali pa kufunga NVMe. Kulipia kasi hiyo ni sawa na kununua pampu kubwa wakati kisima chenyewe kina maji kidogo. Tahadhari nyingine ni kwa SSD nyembamba ziitwazo M.2: baadhi ni za SATA na nyingine ni za NVMe, ingawa kwa macho zinafanana. Mnunuzi amwoneshe fundi modeli ya kompyuta kabla ya kutoa fedha.

Piga hesabu

Njia rahisi ya kulinganisha bei ni kugawa bei kwa idadi ya GB. Tuseme SSD ya GB 256 inauzwa Sh60,000 na ya GB 512 inauzwa Sh95,000. Ya kwanza inagharimu takriban Sh234 kwa kila GB, na ya pili Sh186. Ya pili ina nafuu zaidi, lakini kwa yule tu atakayeitumia nafasi hiyo. Kwa anayehifadhi hesabu na barua peke yake, GB 256 zinatosha.

Jambo la pili ni waranti. Watengenezaji hutaja miaka na kiasi cha kumbukumbu kinachoweza kuandikwa, yaani TBW. Kwa mfano, Samsung 870 EVO ya GB 500 ina waranti ya miaka mitano au TB 300. Anayeandika GB 20 kila siku hufikisha TB 7.3 kwa mwaka, hivyo TB 300 zingemchukua miaka zaidi ya 40. Kwa matumizi ya nyumbani, basi, cha kuangalia zaidi ni miaka ya waranti, na kama muuzaji ataipokea SSD ikiharibika. Risiti itunzwe.

Bei ya kutupa

SSD ya terabaiti kadhaa inayouzwa kwa bei ya kutupa itiliwe shaka. Zipo bandia ambazo ndani yake kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochezewa ili ionyeshe nafasi kubwa. Nafasi halisi ikijaa, mafaili huharibika bila mwenyewe kujua. Programu ya bure ya H2testw hupima nafasi hiyo kwa kuijaza na kuisoma tena. Kipimo kifanyike SSD ikiwa bado tupu, kabla ya kuweka hesabu zozote.

Hata SSD halisi inaweza kufa ghafla bila dalili, na kurejesha kilichomo ni kazi ngumu na ya gharama. Umeme unaokatika wakati wa kuandika nao huweza kuharibu mafaili, hivyo anayetumia kompyuta ya mezani anahitaji UPS. Diski ya zamani, kama bado nzima, isitupwe. Ikiwekwa kwenye kasha la USB inaweza kutunza nakala ya pili ya hesabu kila mwisho wa wiki. Orodha ya wadaiwa ikipotea, fedha iliyookolewa kwa kununua SSD rahisi haiwezi kuirudisha.