Kisanduku cha Betri cha Kubebeka kwa Jokofu la Kambini: Uchambuzi wa Njia ya Umeme Kutoka Kwenye Betri Hadi Kwenye Kompresa

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kuunda kisanduku cha betri kinachoweza kuendesha jokofu dogo la volti 12 mahali pasipo na umeme wa gridi. Hoja kuu ni kwamba uwezo wa kisanduku haupimwi kwa namba iliyoandikwa kwenye betri pekee, bali kwa kiasi cha umeme kinacholifikia jokofu kikiwa na volti ya kutosha. Mfano uliotumika ni wa safari ya kambi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, Tanzania.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayepiga kambi Ruaha mwezi Oktoba, joto la mchana likizidi nyuzi 30 za Selsiasi, hulitegemea jokofu kwa mambo mazito kuliko soda baridi. Nyama na maziwa huharibika upesi katika joto hilo. Aidha, iwapo miongoni mwa wasafiri yumo mgonjwa wa kisukari, insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, bila kuganda.

Wengi huliunganisha jokofu moja kwa moja na betri ya kuwashia gari. Njia hii ni rahisi lakini ina hatari. Betri ya kuwashia gari imeundwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache, kisha kuchajiwa mara moja na altaneta. Ikitumiwa hadi chaji yake ipungue sana, huchakaa haraka. Na ikiishiwa usiku, gari haliwaki asubuhi, tena mahali ambapo kushuka na kulisukuma si jambo la busara. Kisanduku chenye betri yake hutenganisha mahitaji hayo mawili: gari hubaki na betri ya kuwashia, na jokofu hupata chanzo chake.

2.0 Kukadiria mahitaji ya jokofu

Jokofu la kompresa haliendeshwi mfululizo. Kompresa huwaka hadi baridi iliyowekwa ifikiwe, kisha hupumzika. Kwa hiyo makadirio huhitaji mambo mawili: wati zinazotumika kompresa ikiwaka, na sehemu ya siku ambayo kompresa hufanya kazi.

Ichukuliwe kwamba jokofu linatumia wati 48, yaani ampea 4 kwa volti 12, na kwamba katika joto la Ruaha kompresa hufanya kazi kwa asilimia 40 ya muda. Matumizi ya siku ni 48 × 24 × 0.4, ambayo ni takribani wati-saa 460, au ampea-saa 38. Kiasi hiki hupanda jokofu likiachwa juani, likifunguliwa mara kwa mara au likijazwa vinywaji vyenye joto. Ndiyo maana inafaa vyakula vipozwe nyumbani kwa umeme wa gridi kabla ya safari, ili betri ifanye kazi ya kuhifadhi baridi badala ya kuitafuta upya.

3.0 Kuchagua betri

Betri ya asidi na risasi yenye ampea-saa 100 haipaswi kuhesabiwa kuwa na ampea-saa 100 za kutumia. Ili idumu, ni vyema isishushwe chini ya nusu ya chaji. Hivyo basi hubaki ampea-saa 50, zinazolitosha jokofu la mfano huu kwa takribani saa 31. Betri ya lithiamu fosfeti ya chuma yenye namba ileile ina volti 12.8, na asilimia 80 ya chaji yake inaweza kutumika bila wasiwasi. Hizo ni wati-saa 1,024, yaani zaidi ya saa 53.

Tofauti ya uzito nayo ni kubwa. Betri ya asidi na risasi ya kiwango hicho huwa na karibu kilo 30, ilhali ya lithiamu huwa na kilo 11 hadi 13. Kwa kisanduku kinachokusudiwa kubebwa kwa mkono, tofauti hiyo huamua iwapo kitabebwa na mtu mmoja au wawili. Hata hivyo, betri ya asidi na risasi ni nafuu kuinunua na hupatikana kwa urahisi zaidi madukani.

4.0 Waya: mahali umeme unapopotea

Tatizo linalowatatanisha watumiaji wengi ni jokofu kuzima usiku ilhali betri, ikipimwa asubuhi, inaonekana bado ina chaji. Aghalabu lawama huangukia betri au jokofu. Maelezo yake hupatikana katika Kanuni ya Ohm: volti inayopotea kwenye waya ni zao la mkondo na ukinzani wa waya huo.

Ikiwa kisanduku kiko mita 5 kutoka kwenye jokofu, umeme husafiri mita 10, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita mraba 1.5 huwa na ukinzani wa takribani omu 0.12 kwa urefu huo. Mkondo wa ampea 4 ukipita, volti 0.47 hupotea. Waya wa milimita mraba 6 hupoteza volti 0.12 tu. Tundu la kuwashia sigara lililolegea huongeza upotevu huo, na kompresa inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa zaidi kwa muda mfupi.

Betri ya asidi na risasi iliyofikia nusu ya chaji huwa na takribani volti 12.2 ikiwa imepumzika, na hushuka kidogo inapofanya kazi. Upotevu wa waya mwembamba na tundu bovu ukiondolewa, jokofu linaweza kupata volti 11.3 au pungufu. Majokofu mengi yana kinga inayozima kompresa volti ikishuka, na kinga hiyo huwa na ngazi za juu, kati na chini. Ngazi ya juu imekusudiwa kulinda betri ya kuwashia gari; jokofu likiachwa katika ngazi hiyo, hujizima mapema. Mkondo ukikatika, upotevu nao hutoweka, na mtu anayepima betri huiona nzima. Kwa kisanduku kinachojitegemea, ngazi ya chini au ya kati ndiyo inayofaa, na kipimo cha kuaminika ni kile kinachochukuliwa kwenye plagi ya jokofu kompresa ikiwa inafanya kazi.

5.0 Fyuzi na usalama wa kisanduku

Fyuzi hulinda waya usiungue. Kwa sababu hiyo huwekwa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Ikiwekwa upande wa jokofu, sehemu yote ya waya iliyo kabla yake hubaki bila kinga. Shoti ikitokea hapo, betri inaweza kutoa mamia ya ampea na kuwasha moto. Kwa waya wa milimita mraba 6 na jokofu la mfano huu, fyuzi ya ampea 15 inatosha.

Betri inapaswa kufungwa kwa mkanda isicheze barabarani, na ncha zake kufunikwa. Betri ya asidi na risasi hutoa hidrojeni inapochajiwa, gesi inayoweza kulipuka ikifikia asilimia 4 ya hewa. Kisanduku chake lazima kiwe na matundu ya hewa.

6.0 Kurejesha chaji

Paneli ya sola ya wati 100, ikipata saa 5 za jua kali na kupoteza asilimia 30 njiani, hutoa wati-saa 350 kwa siku. Kiasi hicho hakifikii 460. Paneli ya wati 150 hutoa 525, hivyo hutosha siku za jua. Kidhibiti chaji sharti kiendane na aina ya betri. Kuchaji kwa altaneta wakati gari linatembea kunawezekana pia, lakini betri ya lithiamu inaweza kuvuta mkondo unaoizidi altaneta. Huhitaji chaja maalumu kati yake na altaneta.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kuongeza ukubwa wa betri hakuondoi tatizo linalosababishwa na waya mwembamba, tundu lililolegea au kinga iliyowekwa ngazi isiyofaa. Kabla ya safari, kisanduku na jokofu vinapaswa kujaribiwa pamoja kwa saa 24. Volti ipimwe kwenye betri na kwenye plagi kompresa ikiwa inazunguka. Tofauti ikizidi volti 0.36, yaani asilimia 3, waya na viungo virekebishwe. Penye insulini, kipimajoto kiwekwe kando yake ndani ya jokofu, kwa kuwa taa ya jokofu inayowaka huthibitisha kuwapo kwa umeme tu. Baridi iliyomo huthibitishwa na kipimajoto.