Nzi wa zizi na soko lake

Kwa umbo anafanana na nzi wa nyumbani, ila huyu hunyonya damu, na hupenda zaidi miguu ya ng'ombe. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walikadiria kwamba nzi wa zizi huipotezea sekta ya ng'ombe ya nchi hiyo takriban dola bilioni 2.2 kila mwaka, na dola milioni 360 kati ya hizo huwatoka wafugaji wa maziwa. Ng'ombe anayeumwa mchana kutwa hukanyagakanyaga, hupiga mkia, hula kidogo. Maziwa hupungua.

Zamani jibu lilikuwa sumu. Hereni za masikioni zenye dawa zilipoingia sokoni karibu na 1980, wafugaji walishusha pumzi, lakini haikupita miaka mingi nzi wakawa sugu. Kisha, mwaka 2002, kanuni za kilimo hai zilianza kutumika nchini humo, na anayetaka bei nzuri ya maziwa yenye cheti akanyimwa karibu dawa zote za viwandani. Hapo ndipo biashara nyingine ilipopata wateja.

Bidhaa inayosikika zaidi ni nyigu: wadudu wadogo kuliko punje ya mchele, wasiouma mtu, ambao hutaga mayai ndani ya kifuko ambamo funza hugeuka kuwa nzi, na watoto wao humla humo humo. Chuo Kikuu cha Cornell kimekuwa kikishauri kuachilia nyigu 200 kwa wiki kwa kila ng'ombe anayekamuliwa, na 1,000 kwa kila ndama. Mbona ndama azidi mama yake mara tano? Tazama anapolala: majani makavu yaliyolowa mkojo na maziwa, yakaachwa kuoza. Nzi hawana pahali bora pa kuzalia. Ukiweka maranda badala ya majani, funza hupungua sana, wala hakuna wakala atakayekupigia simu kukuuzia wazo hilo.

Mnunuzi naye awe macho. Iko aina ya nyigu, Nasonia, ambayo imewahi kukutwa kwa wingi katika mifuko ya kuuza ingawa haifui dafu mbele ya nzi wa mazizini. Na hata nyigu wazuri huzidiwa pale samadi inaporundikana. Wakati wa joto nzi wa nyumbani huweza kutoka yai hadi mdudu mzima kwa siku saba hadi kumi, kwa hiyo koleo lisipopita kila wiki, fedha ya nyigu imekwenda na maji.

Nzi wa pembe ni kesi nyingine. Haondoki mgongoni mwa ng'ombe ila kwenda kutaga kwenye mavi mabichi malishoni, ambako nyigu hawasaidii sana. Huyu hukamatwa njiani. Katika miaka ya 1930 mtafiti wa wadudu Willis Bruce alibuni kibanda cha kupita ng'ombe: vitambaa vya turubai humpangusa nzi, naye hukimbilia mwanga na kunaswa kwenye wavu. Watafiti wa North Carolina wakaja na toleo la umeme, lenye feni za kumpeperusha nzi na mashine ya kumfyonza, wakati ng'ombe wanapokwenda kukamuliwa. Kituoni kwao lilinasa nzi zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Mashine hiyo huwafaa wenye makundi makubwa. Mwenye ng'ombe kumi hurudi kwa Bruce, kwa sababu mbao, turubai na wavu hupatikana popote, na fundi seremala hamalizi wiki.